Soda Haikuguswa

Basi la Maipú lilikuwa halijatoka Mendoza nilipomsikia jirani yangu wa kiti, mama aitwaye Nélida, akidai kwamba Jumapili marafiki zake walimaliza mvinyo wake wa bei ya chini bila hata mmoja kugusa soda. Kwetu mgeni hamwambii mwenyeji kuwa mvinyo wake mbaya. Anaumiminia soda, yale maji ya gesi yasiyo na sukari, kimyakimya ili kuua ladha yake.

"Zamani marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akichagua," alimwambia mzee asiyemjua, aliyekaa ng'ambo ya njia. "Safari hii nimechagua mwenyewe. Hata nyama sikuionja, macho yote kwenye chupa ya soda!"

"Labda gesi ilikuwa imeisha, mama."

"Thubutu! Niliijaribu walipoondoka, ikanirukia mpaka kwenye nywele." Akacheka, akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

"Una bahati. Wageni wangu wanautia mvinyo wangu soda mwaka wa pili huu, nami najifanya sioni." Mzee akainama karibu, nami nikatega sikio. "Dada yangu, niambie basi, uliununua duka gani?"

Nélida akakumbatia mkoba wake, akatazama dirishani safari nzima. Basi likasimama Maipú.