Mama Huenda na Vyumba Vitupu

Mama yetu, ambaye kazini na nyumbani aliitwa Mama Huenda, alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni, na akahitimu uhandisi wa umeme mwaka 1981.

Aliajiriwa kitengo cha mipango cha shirika la umeme, katika chumba ambacho dirisha lake halikufungika. Kazi yake ilikuwa kukadiria umeme wa miaka ishirini ijayo. Mwaka 2008 mkurugenzi alitaka kituo kimoja kikubwa cha jua. Yeye alitaka vidogo vingi karibu na watumiaji, vijengwe kwa awamu, na kila kimoja kiachiwe chumba kitupu.

"Cha nini?"

"Betri, bosi. Leo hatuziwezi. Huenda bei ikashuka."

"Huenda, huenda! Mama, nataka jibu, unanipa utabiri wa mvua."

"Mvua nayo hainipi jibu, bosi. Natembea na mwavuli."

Alijua kibarua chake kiko hatarini, lakini hakurudi nyuma. Vituo vya kwanza vilijengwa alivyotaka, na wafanyakazi wakasema vile vyumba vitupu vinakaliwa na majini. Bei ya betri ilipoporomoka, majini walipewa notisi, betri zikahamia. Kwenye uzinduzi mkurugenzi alisema, "Tulijua." Mama alipiga makofi kuliko wote.

Mwaka 1984 aliolewa na mwalimu wa hesabu, ambaye posa yake ilijibiwa, "Huenda." Arusi ilifanyika, lakini Baba alilalamika maisha yote kwamba hajapata jibu rasmi. Walijenga nyumba, nondo zikaachwa zimechomoza juu ya paa.

"Mama watoto, tuzikate. Majirani wanasema tumefulia."

"Waache waseme. Huenda tukaongeza ghorofa."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alipouliza amebakiza muda gani, daktari alisema, "Huenda mwaka."

"Hapo tumeelewana, mwanangu."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 6 Juni 2024. Jioni iliyotangulia, Baba alimuuliza, "Na lile jibu langu?"

Alimshika mkono. "Ndiyo, mzee. Ila nondo usikate."

Ameacha mume, binti, mwana na wajukuu watatu. Wa nne yuko njiani. Huenda ni mapacha.

Pumzika kwa amani, Mama. Nondo zipo.