Sale kwa Profesa

Basi la kutoka Kibosho lilikuwa halijamaliza hata mteremko wa kwanza, na Victoria, fundi cherehani wa Pasua, alikwisha jua habari zote za kijana wa kiti cha mbele. Hakuwa akidukua; masikio tu yalikuwa karibu.

Kijana alikuwa akimweleza bibi waliyekutana naye humo garini kwamba anatafuta mfadhili wa shahada ya pili ya biolojia, maana serikali siku hizi imejitoa. Profesa mmoja alikuwa tayari kumgharamia kila kitu, mradi achunguze mbu wa malaria. Yeye akakataa, tena kwa maneno makali, kwa sababu anapenda vyura. "Sasa bibi, kila mfadhili anataka mbu. Chura hana mwenyewe."

"Kamwombe radhi profesa wako," bibi akasema, akachomoa kikapuni jani la sale, lile Wachaga wanaloombea msamaha. Alikuwa akimpelekea mke wa mwanawe, waliyegombana naye juzi. "Mpe hili. Hakuna Mchaga anayelikataa."

"Profesa ni mtu wa Bukoba, bibi. Ataona jani tu."

"Si utamweleza? Huko chuoni mnasoma nini kama si majani?"

"Mimi nasomea wanyama."

"Ndiyo maana huna mfadhili."

Gari likasimama stendi ya Moshi. Kijana akashuka, na Victoria alimwona akilichomeka lile jani katikati ya vyeti vyake, taratibu, lisije likakunjika.