Mzee Nuwa Kalyesubula, Aliyegawa Maua Yake Yote Ili Apande Treni

Marehemu Mzee Nuwa Kalyesubula alizaliwa tarehe 14 Mei 1922, Nakifuma, Mukono, nchini Uganda. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Erisa na Mama Agripina. Waliomfuata walikufa wadogo, akabaki wa mwisho tu, Proscovia, ambaye ndiye mama yangu mimi ninayewasomea, Olivia. Walipishana miaka kumi na tisa. Mjomba alimbeba mgongoni kama mwanawe.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo nyumbani kuanzia 1930, akaishia darasa la sita baba yake alipougua. Kiswahili hakukipata darasani. Alikipata karakana ya reli, kwa Wakenya na Watanganyika, ndiyo maana leo tunamuaga kwa lugha hii, na nyie wa Kongo mtatuvumilia.

Mwaka 1943 aliajiriwa na reli, karakana ya Nalukolongo, Kampala, fundi seremala. Miaka thelathini na miwili alitengeneza viti vya mabehewa, milango na fremu za madirisha. Watu walikwenda Mombasa, walikwenda Kasese, wamekalia kazi yake. Yeye hakwenda. Kila mwaka alisema mwakani.

Tarehe 8 Desemba 1951 alimuoa Kevina Nantongo. Mkewe alikuwa anawaambia majirani, "Mimi nimeolewa na mtu wa reli, na sokoni naenda kwa miguu." Hawakujaliwa mtoto. Kevina alifariki mwaka 1971 kwa ugonjwa wa moyo. Mjomba hakuoa tena, na nyie mama zangu mliokuwa mnamletea wachumba pale kwetu Husby, Stockholm, mnajijua.

Mwaka 1975 baba yangu alichukuliwa na wanajeshi, hakurudi. Mama alinipandisha lori mpaka Kampala kwa kaka yake, akamwambia maneno mawili tu: "Mtoe huyu." Nilikuwa na miaka minane. Yeye akarudi Kasese kwa mama mkwe wake aliyekuwa kitandani, akasema atatufuata. Hakupata njia. Sisi tulipita Nairobi, tukafika Stockholm tarehe 2 Machi 1976, Mjomba kavaa viatu vya wazi.

Mwaka uliofuata alipata kazi ya kusafisha mabehewa ya treni za chini ya ardhi. Treni tena, na tena zikiwa zimesimama. Akaifanya miaka kumi bila kuchelewa siku hata moja.

Alinilea peke yake. Wanaonijua wanajua haikuwa mchezo. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita. Nilipigana. Niliitwa maofisini mara ambazo sitazitaja mbele ya mchungaji. Kila mara Mjomba alikuja na koti lake la kazi, akakaa, akasikiliza Kiswidi chote mpaka mwisho, halafu njiani akaniuliza, "Umekula?" Hilo tu. Mimi nilikuwa namjibu vibaya.

Sasa maua. Mwaka 1978 jirani yetu wa chini, Märta, ambaye yuko hapa mstari wa mbele, alimpa kikonyo cha kupandikiza, cha ua lenye majani manene, linalopanda ukutani kama kamba na kutoa maua yanayong'aa kama kikombe kipya. Wenyewe wanaliita ua la kaure. Mjomba, Muganda aliyefundishwa kushukuru mtu hata kwa kutembea barabarani, akainama: "Tack, tack, tack!" Märta akaziba masikio. Huku kwao ukipewa kikonyo husemi asante. Ukisema, hakishiki. Mjomba akacheka. Wiki tatu, kikonyo kikaoza. Alipopewa cha pili alipanda ngazi amejiuma mdomo, hakumsalimia hata mtu aliyekutana naye mlangoni. Kikashika. Miaka tisa kilizunguka dirisha lote la jikoni, na chini yake vikajaa vyungu vingine, pelargoni za kila rangi, kaktasi, vitu ambavyo mimi mpaka leo sijui majina. Themanini na vitatu. Nililala chumba kimoja na kumi na tisa.

Tarehe 31 Mei 1987 alistaafu. Siku hiyo hiyo alitandika ramani mezani, akaniwekea kidole Mombasa, akakivuta pole pole mpaka Kasese. Njia yote kwa treni, amekaa dirishani, mpaka mlangoni kwa dada yake. Na reli ikiwa imekatika mahali? "Nitasubiri waiunge," alisema. "Mimi najua wanavyounga." Na maua? Mwenye vyungu themanini na vitatu haendi popote, hilo alilijua, miaka tisa hajawahi kulala nje ya nyumba. Basi Septemba aliita watu, akagawa.

Masharti yalikuwa yale yale, chukua, nyamaza, ondoka. Nyie mlikuwepo. Dada Wamaitha wa Bredäng alishuka ngazi kaziba mdomo kwa kiganja, machozi yanatoka. Bwana Sulaiman wa Farsta alisimama na chungu chake mlangoni, akashindwa, akasema, "Alhamdulillah!"

"Sulaiman! Umeliua!"

"Mzee, wewe sijakushukuru. Nimemshukuru Mungu. Na huyo utamzuia?"

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Usiku ule ule alihesabu madirisha yakiwa matupu, akasema nyumba imekuwa na mwangwi. Mimi mchana alinipa chungu cha lile ua la kaure, nikakikataa. Nilisema, "Unaenda, nenda. Usiniachie kazi. Mimi si bustani." Ndivyo nilivyosema. Chungu hicho akakichukua Märta.

Safari ilipangwa tarehe 20 Oktoba. Tarehe 5 alikwenda kuchomwa sindano za safari. Nesi alimtazama macho, akaweka sindano chini, hakumchoma. Macho yalikuwa ya njano. Kansa ya kongosho, haifai kupasuliwa. Daktari alieleza dakika ishirini, na mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Nilipomaliza, Mjomba aliuliza, "Umekula?"

Tuliandika barua Kasese kumzuia Mama asiende steshenini kumpokea. Barua ilichukua wiki sita. Yeye alikuwa na ile ya kwanza, yenye tarehe ya Mjomba kufika.

Wodini alikolazwa, simu iliyoletwa kitandani kwake haikupumzika. Wauguzi walidhani ni ndugu. Walikuwa ni wenye maua.

"Mzee, jani limeanguka," huyo Wamaitha.

"Mangapi?"

"Moja."

"Na wewe leo kwenye kitana zimebaki nywele ngapi? Umeita daktari?"

Halafu Sulaiman. "Mzee, nimeliweka juu ya hita lipate joto. Si ni la kwetu?"

"Na wewe ni wa kwetu. Kalia hiyo hita, kesho unipigie."

Hana nguvu ya kushika kijiko, anashika simu. Mwezi wa kumi na mbili walimruhusu nyumbani siku nne. Alikaa jikoni akitazama alama za duara zilizoachwa na vyungu. Nikamwambia nitakwenda kuvichukua vyote, kimoja kimoja, na atakayebisha tutaonana. Alisema, "Wamaitha ameshalibatiza jina lile lake. Utamnyang'anya ua lenye jina?" Nilipiga ukuta ngumi. Ukuta ulibaki pale pale.

Barua ya Mama ilifika tarehe 18 Desemba. Nilimsomea wodini. "Kaka, nimekaa steshenini siku tatu na kuku mkononi, watu wakaanza kuniuliza bei. Treni moja imekuja, hukuwemo. Nilitaka nikupigie magoti hapo hapo chini, mbele ya watu, nikushukuru kwa mwanangu."

"Ruka hapo," Mjomba alisema.

"Ndivyo anavyosema."

"Ruka. Hiyo atasema mwenyewe nikifika."

Jumapili tarehe 7 Februari 1988 nilikwenda wodini nimejipanga. Njia nzima kwenye treni ya bluu nilikuwa nayarudia maneno ya shukrani, yangu na ya Mama, miaka kumi na miwili yote. Nilipofungua mlango, Märta alikuwa ameketi hapo, na mezani kuna chupa ya jamu yenye maji na kikonyo cha lile ua la kaure. Mjomba alikuwa amemwomba akikate.

"Hili ni lako," aliniambia. "Limeanza mizizi. Usiseme kitu."

"Mjomba, si kwa ajili ya ua. Nataka kukuambia..."

"Olivia." Aliinua kidole, hicho hicho cha ramani. "Lina mizizi midogo sana."

Nikafunga mdomo. Mimi, ambaye hakuna aliyewahi kunifunga mdomo.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano. Nilikuwa njiani. Leo, Ijumaa tarehe 26 Februari 1988, tunamlaza hapa makaburi ya Skogskyrkogården.

Ameacha dada mmoja, Proscovia, Kasese. Mpwa mmoja, mimi. Jirani mmoja, Märta, mwenye chungu nilichokikataa, na vyungu themanini na viwili kwenye madirisha yenu, na msivimwagilie maji kila siku, alisema mnavizamisha.

Familia inamshukuru daktari, wauguzi, mchungaji, waimbaji, waliopika, na nyote mliokuja kwenye baridi hii. Wengine wote tumewashukuru. Yeye, hapana. Chupa ya jamu iko dirishani Husby, na juzi Jumatano limechomoza jani jipya, dogo kama ukucha. Mama nimemwandikia naye angoje, asiseme bado.

Mungu ampe kiti cha dirishani, na safari hii treni iondoke. Apumzike humo kwa amani, Mjomba wangu.