Milojka Rustja na Mlango wa Friji

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne, Milojka Rustja atavua koti lake jeupe na kukabidhi funguo za famasi ya wodi yetu ya saratani. Aliyemwajiri alimwonya kwamba sauti yake ni kubwa mno kwa wodi ya wagonjwa. Sauti hiyo haijapungua hata robo.

Alianza kwa kuchanganya dawa za dripu nyuma ya kioo, na angeweza kubaki huko mpaka leo, maana hakuna wa kumsumbua. Lakini aligundua kwamba wagonjwa wetu wanaficha. Daktari akiwauliza kama wanatumia kitu kingine, wote hujibu hapana, kwa heshima kabisa, na huku mafuta ya bangi ya binamu yamo nyumbani. Si waongo. Katika bonde hili kitu kikishaitwa "domače", yaani cha nyumbani, kimetakasika: divai, soseji, asali, hata kichupa kisicho na lebo. Nani amtajie daktari kitu cha nyumbani?

Basi Milojka akaacha kuuliza habari za bangi, akawa anauliza kwenye mlango wa friji kuna nini. Watu wakacheka, wakahesabu: haradali, maziwa, mayai, na yale matone ya jirani Vinko. Mzee Bratina, mkulima wa zabibu, alimjia juu: "We mama, unataka kuja kula kwangu?" Naye akamjibu, "Nikija nitakula. Kwanza nitajie." Orodha ilijaza kurasa mbili, na nusu yake ilikuwa divai.

Hakumfokea mtu. Wapo aliowasaidia wapate dawa halali ya bangi kwa cheti cha daktari, kichefuchefu kilipowashinda. Alichokataa ni kubahatisha: kichupa ambacho nguvu yake haijulikani, pengine kina ukungu, kinywewe na mtu ambaye kinga yake imeshashuka kwa dawa za saratani. Kanuni yake ilikuwa fupi. Cha nyumbani nacho kiwe na jina, kipimo na mpishi.

Sasa niseme langu, maana bila hilo wasifu huu utakuwa wa uongo. Miaka saba iliyopita mama yangu, Albina, alitibiwa hapa hapa. Alikuwa pia akinywa dawa ya kuzuia damu kuganda. Ghafla fizi zikaanza kutoka damu, mikono ikajaa michubuko, na hakuna aliyejua sababu. Daktari akawa anafikiria kusimamisha matibabu ya saratani. Mimi, muuguzi mwenye uzoefu wa miaka kumi na minane, nilisimama kando ya kitanda nimefunga mdomo.

Milojka aliketi karibu naye, akauliza swali lake la friji. Mama akanitazama.

"Kuna yale mafuta aliyoniletea huyu," akasema. "Ya nyumbani tu, mwanangu. Hayana neno."

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliyanunua kwa sababu mama alikuwa hali chakula, na mimi nilikuwa nimeogopa. Milojka hakunigeukia hata kidogo. Alimweleza mama na daktari kwamba mafuta hayo ya bangi yanaweza kulizuia ini lisiivunje ile dawa ya damu, nayo ikarundikana mwilini. Mafuta yakaachwa, damu ikapimwa kila siku mpaka ikatulia, na matibabu yakaendelea. Kisha akanivuta koridoni, akanong'ona, kwa mara ya kwanza na ya mwisho tangu nimjue: "Hata mimi ningeshawishika, Nadja. Siku nyingine niulize kwanza, mpuuzi we."

Hajamwambia mtu. Leo nasema mwenyewe, nikiwa na shukrani nyingi kuliko aibu. Swali lake limekwisha chapwa kwenye fomu ya kumpokea kila mgonjwa, na sote tunaliuliza, ingawa hakuna anayewachekesha wagonjwa kama yeye.

Mama sasa ana miaka themanini na mmoja. Ameniagiza nimpelekee Milojka chupa ya jemu, na lebo ameiandika kwa mkono wake mwenyewe: "Tini, sukari, limau. Amepika Albina. Hakuna kingine."

Asante, dada Milojka. Tunakuombea miaka mingi ya afya na kelele. Jemu hiyo iweke kwenye mlango wa friji.