Bibi Aliyeyalaza Maziwa Kibandani

Baada ya kuwapikia watoto wa shule yetu kwa miaka ishirini na saba, mpishi wetu mkuu, ambaye hata mwalimu mkuu humwita Bibi, anastaafu leo, Ijumaa tarehe thelathini Novemba. Kazi ya kumwandika nimepewa mimi, mlinzi wa lango. Walimu wana maneno mengi, sawa, lakini aliyemwona akiingia kila alfajiri ni nani? Ni mimi.

Alianza kwa kuosha sufuria. Mpishi wa wakati ule alikuwa akiunguza uji kila akipiga soga, basi Bibi akawa anaukoroga yeye, na kabla mwaka haujaisha mwiko ukawa wake. Ndiye aliyeanza kutia ufuta kwenye uji na dagaa waliosagwa kwenye mchuzi, ili watoto wawe na mifupa imara. Walikula, wala hawakushtuka.

Ila maziwa yalimtoa jasho. Kila mtoto alipewa kikombe chake saa nne, na vikombe vilirudi vitupu. Bibi akatembea kifua mbele. Mimi ndiye niliyeona paka. Paka wa mtaa mzima walikuwa wamehamia kwenye maua nyuma ya madarasa, wamenenepa, hata kukimbia hawawezi. Nikampeleka akaone mwenyewe. Akashika kiuno: "Kumbe napikia shule ya paka!"

Mwalimu mkuu hakucheka. Alisema yakiendelea kumwagwa mpaka muhula uishe, maziwa yanakatwa. Bibi akanyong'onyea, maana alijua wapo watoto ambao kikombe kile ndicho maziwa pekee wanayoyaona.

Halafu asubuhi moja akaja kibandani kwangu na sufuria iliyoviringishwa blanketi.

"Mzee, hiki kibanda chako cha bati kina joto zuri. Maziwa haya yanalala kwako."

"Na mimi nikalale wapi?"

"Kwani wewe umeajiriwa kulala?"

Nikasogeza kiti changu, sufuria ikapata nafasi. Tangu hapo kila darasa likapata zamu. Watoto wenyewe wanatia kijiko cha mtindi wa jana katika maziwa ya uvuguvugu, wanakoroga, wanafunika, wanaviringisha blanketi, wananiletea. Bibi aliwaambia yakitikiswa hayagandi. Basi shule nzima ikawa inapita langoni kwa kunyata, vichwa vinachungulia: "Babu, yameamka?" Nakunja uso: "Bado." Darasa la kwanza waliamini kweli kweli. Waliyaimbia, na mmoja akayaletea mto wake kutoka nyumbani.

Mto ule ndio uliomleta mama yake, amefura. Akamkuta mwanawe analamba bakuli la mtindi.

"Huyu? Huyu wangu anayeziba pua akiona maziwa?"

Mtoto hakuinua hata kichwa. "Mama, haya nimeyalaza mimi."

Mama aliondoka bila mto. Muhula ukaisha, paka wakakonda, na mwalimu mkuu akaja jikoni mwenyewe na bakuli lake mkononi. Habari ya kukata maziwa hatukuisikia tena.

Lakini wiki hii Bibi hakuwa na raha. Alihofia kwamba akiondoka yeye, na mtindi unaondoka. Sijui nani aliwaambia watoto. Jana wamemkalisha kwenye kigoda katikati ya jiko, wakamkataza kugusa chochote. Mpishi mpya alichemsha, yaliyobaki wakafanya wao. Kila Bibi akinyanyuka, sauti zinamrudisha: "Bibi, kaa!" Na akakaa! Mimi nimembishia miaka yote hiyo, hakuwahi kunisikia hata siku moja.

Asubuhi hii, kabla hajafika, nimefungua blanketi nikainamisha sufuria. Hakijamwagika kitu. Yameganda vilevile kama ya mkono wake, na watu wasisahau yamelala kibandani kwa nani.

Bibi, wafanyakazi wote tunakushukuru, na watoto watakushukuru kwa meno yao. Tunakuombea afya njema, asubuhi za kuamka kwa nafasi, na wajukuu wa kukuchosha kidogo. Siku ukitukumbuka, usihangaike kugonga lango, nitakuwa nimekuona tangu mbali. Bakuli lako utapewa. Ila sufuria usiiguse. Siku hizi ina wenyewe.