Pumzi Haiwekwi Akiba

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, na leo nasema hivyo kwa pumzi yangu yote!

Mnanijua. Mimi ndiye ninayeuliza maswali kwenye kipindi cha Biblia mpaka mchungaji anatazama saa. Chuo kikuu hakikunifundisha kunyamaza.

Pumu ilinianza kwenye kambi ya wakimbizi, mwaka uleule tuliovuka kutoka Burundi. Moshi wa kuni ukijaa ndani ya hema, kifua kilibana, mama akanikalisha wima na kuomba mpaka kiachie. Tulipopata ruhusa ya kukaa kwa mama mdogo huku Bangwe, ambaye hukausha samaki, migebuka ya ziwani, kwa moshi, hali ikazidi. Hospitali wakanipa pampu ya kuvuta yenye dawa mbili ndani: moja hupunguza uvimbe kwenye njia za hewa, nyingine huzifungua. Nivute asubuhi na jioni, hata nikiwa mzima.

Hata nikiwa mzima! Ndugu zangu, sisi tumeishi kwa mgao wa chakula. Wa mwezi huu unaubana, maana wa mwezi ujao huenda usije. Mama akaifunga pampu kwenye kitambaa, akaifukia ndani ya debe la maharage. Nami ninayehoji kila kitu, hilo sikulihoji. Niliivuta siku mbaya tu.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nageuza samaki, upepo ukanirudishia moshi usoni. Kifua kikabana, maneno yakakatika. Mama akaleta pampu mbio, nikavuta, haikutosha. Wakanipakia kwenye pikipiki, mama nyuma akinishikilia kama gunia.

Hospitali walinivutisha dawa kwa mashine mpaka nikaweza kusema. Daktari akaigeuza pampu yangu, akasoma namba ya dozi zilizobaki.

"Mna miezi miwili nayo. Mbona imejaa?"

"Tunaitunza, daktari," mama akajibu kwa fahari.

"Mnamtunzia nani? Mwenyewe alikuwa anaondoka!"

Mama akashika kichwa. "Yoo, mwananje! Mwanangu mimi!"

Nami, bado nahema, nikabisha: nitajuaje kama dawa ya kila siku inasaidia?

"Usiniamini," akasema. "Vuta asubuhi na jioni, sukutua mdomo, na kila kifua kikibana andika kwenye daftari. Mwezi ukiisha, njoo tubishane."

Kurasa za mwanzo zilijaa. Za mwisho nilikosa cha kuandika! Nilirudi kwake bila hoja hata moja, na sijawahi kufurahia kushindwa namna ile.

Sasa mama mwenyewe hunisimamia na kikombe cha maji ya kusukutua. Jana nilipanda mlima kwa miguu hadi Buzebazeba, naimba, sikupumzika njiani.

Namshukuru Mungu kwa mapafu, kwa dawa, na kwa daktari asiyechoka na wabishi. Ndugu yangu uliyeficha pampu yako, itoe leo, uivute kama ulivyoelekezwa. Kuivuta si kupunguza imani. Nawe mwenye mashaka kama mimi, mjaribu Bwana. Njoo na maswali yako yote. Mimi Bwana hakunitaka niyaache mlangoni. Amina!