Siku Tisa Bila Ujumbe wa Maji

Kwa siku tisa watu wa Mkunya hawakujua maji yangetoka lini, na sababu niliijua mimi peke yangu. Dada zangu, mmenizoea nikiwa katibu wa kikundi chetu. Leo nisikilizeni kama mkosaji.

Nafanya kazi katika ofisi ya umma ya maji. Kila wiki mfumo wetu hutuma ujumbe kwenye simu za watu: kata fulani, siku fulani. Mkuu wetu wa TEHAMA alipohama aliniachia neno la siri la mfumo huo. Nikakaimu miezi minne, nikaamini kiti ni changu. Kumbe uongozi umemwajiri mstaafu mmoja wa Masasi, kwa mkataba wa miezi sita, hadi apatikane wa kudumu.

Siku ya makabidhiano nilimwamkia. Akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, kuna neno la siri uliloachiwa?"

Nikasema hakuna. Nilitaka ashindwe mapema ili wanirudie mimi.

Ujumbe ukakoma. Mama mkwe wangu, anayeishi Mkunya, akapiga simu. "Nyie huko ofisini mmekufa au mmelala?"

"Mama, mkuu mpya hajajua kazi."

Siku ya tisa yule mzee aliandika ratiba ya mgao kwa mkono, nakala baada ya nakala, tukaenda kuzibandika kwenye vioski vya maji. Mimi nilishika gundi. Mkunya tuliwakuta kina mama na ndoo tupu, wamekuja siku isiyo yao. Mama mkwe alikuwa mbele.

"Ndiye huyu mtaalamu? Umri wote huo, baba, na kazi hujui?"

"Mwacheni," mwingine akasema. "Kwao Masasi ni chini, hajawahi kuona maji yakipandishwa mlimani kama huku kwetu."

Wakacheka. Mzee akainyoosha karatasi yake ukutani. "Kweli, mama. Bado najifunza. Mniwie radhi."

Hakunitazama. Ndugu zangu, nawaambia, afadhali angenitazama.

Ndani ya gari nikamtajia neno la siri, herufi kwa herufi. Akaandika. Tulipofika ofisini akasema, "Mimi nitaondoka. Wewe utabaki na wale kina mama. Barua ya kukiri kwa mkurugenzi uiandike mwenyewe."

Ujumbe ulitoka jioni ileile. Kesho yake nikapeleka barua, halafu nikaenda Mkunya. Mama mkwe alinisikiliza huku akimenya mihogo. "Nimemtukana mtu mzima kwa maneno yako," akasema. "Utanipeleka nikamwombe radhi." Nilimpeleka.

Namshukuru mama huyo. Namshukuru mzee, ambaye tangu siku ile ananifundisha kazi bila kunikumbusha. Nawashukuru nyinyi mliokuja kunigongea mlango nilipoacha kuhudhuria kwa aibu. Nilichojifunza ni hiki: ukiachiwa ufunguo wa watu, usidhani umepewa nyumba.

Mkataba wa mzee unaisha mwezi huu. Nafasi imetangazwa, nami nimeomba. Barua yangu ya kukiri imo kwenye faili moja na maombi hayo. Mpaka naingia humu leo, sijaitwa kwenye usaili.